Kufundisha jeni na kloni bila kumjeruhi aliyemo darasani

Mwaka wangu wa tatu kazini niliwapa Kidato cha Nne kazi ya nyumbani niliyoiona nzuri kupita zote: kila mmoja achore mti wa ukoo wake, vizazi viwili, aandike na kundi la damu la kila mtu anayelijua. Jumatatu yake msichana mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka kwenda kunywa chai. Akafungua daftari mezani kwangu. Baba O, mama O, yeye A. Chini yake mraba wa Punnett, lile jedwali la kukokotoa jeni ambazo mtoto anaweza kurithi, umepigwa rula, herufi zimetulia kila moja kwenye chumba chake.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyemfundisha wiki moja kabla kwamba O na O hawazai A. Nikamwambia watu wengi hawakumbuki sawasawa kundi lao, kadi za kliniki hukosewa, na zipo hali adimu ambazo kitabu cha Kidato cha Nne hakizigusi. Yote ni kweli. Ila nilichelewa kujibu kama sekunde nne hivi, na yeye alizihesabu.

Kiswahili kilishatuonya mapema. Neno vinasaba limebeba nasaba tumboni mwake, na nasaba ya mtu ni jambo la ndani ya nyumba. Ndiyo maana mwongozo huu, mwalimu mwenzangu, hauanzii kwa Dolly, yule kondoo wa kloni wa Scotland. Unaanzia kwenye madawati. Ukiwaeleza wanafunzi habari za utu na faragha kwa dakika 40 huku kazi uliyowapa imemvua mmoja wao nguo, watakachokikumbuka ni ile kazi.

Mpango mzima unataka vipindi vinne, na viwili vya kufuatana vikipatikana ni bora. Vifaa ni ungo, nusu kilo ya mahindi, chupa ya rangi ya kucha, wino wa bluu, chipukizi la mgomba au marando ya viazi vitamu, na karatasi ulizozikatakata mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua nani yumo kabla hujafungua mdomo

Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, darasa lako la watu 60 usilichukulie kuwa halina mwenye selimundu, na wabebaji, wenye nakala moja tu ya jeni hiyo, ndio kabisa. Weka na mwenye ualbino, mapacha, aliyelelewa na bibi, asiyemjua baba yake, anayemjua lakini haruhusiwi kumtaja. Usipite ukiuliza nani ni nani. Fundisha ukichukulia kwamba wote wamo, na kwamba kila unalolisema anayelihusu analisikia.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Miti ya ukoo yote itoke kwenye familia za karatasi. Mimi nina familia tatu nilizozibuni, nimezipa majina na kazi, na wanafunzi wamezizoea kama jirani zao. Mzee wa familia ya pili anauza mkaa na wanamtania kila mwaka. Makundi ya damu ya nyumbani hayaulizwi. Na lile zoezi la kukunja ulimi na ndewe za masikio, ambalo vitabu bado vinalileta kama mfano wa jeni moja inayotawala, liache kabisa. Sayansi yenyewe hailiungi mkono. Kukunja ulimi hakufuati kanuni nyepesi ya urithi ya Mendel. Hata mapacha wa kufanana huweza kutofautiana, mmoja akakunja na mwenzake akashindwa. Fikiria mtoto anayekunja ulimi, anarudi nyumbani, anakuta baba na mama wote hawawezi. Umempelekea mashaka kwa kitu ambacho hata si kweli.

Halafu maneno. "Jeni mbovu", "mtu wa kawaida", "kasoro". Ubaoni naandika jina la hali yenyewe: selimundu, ualbino. Yule mwenye ualbino ni mtu mwenye ualbino, na lile neno la zamani halitamkwi darasani kwangu hata kama mfano wa neno lisilofaa, maana ukilitaja tu nyuma watacheka.

Hatua ya 2: Anzia shambani

Ingia na chipukizi la mgomba mkononi, udongo ukiwa bado umeganda kwenye mizizi. Uliza swali moja: baba yake nani?

Watacheka, kisha watanyamaza, kwa sababu jibu hawana. Mgomba wa kula haupandwi kwa mbegu. Chipukizi limetoka kwenye shina la mama yake, lina vinasaba vilevile vya mama, na mama naye alitoka kwa mama yake hivyohivyo. Hiyo ndiyo kloni. Pingili ya muhogo ni kloni. Rando la kiazi ni kloni. Wanafunzi waliodhani kloni ni kitu cha sinema wanagundua wameila asubuhi.

Kama uko Tanga au Morogoro, wape mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62, na kwenye hivyo 62 ndiko mashamba yalikoanzia. Aina chotara zilikuja baadaye, lakini kwa miaka mingi mistari ile mirefu inayoonekana kutoka barabarani ilikuwa, kwa kusema kweli, mimea michache iliyojirudia mara mamilioni.

Hapo hapo swali la kwanza la maadili linajileta bila wewe kuliita. Ukipanda kitu kimoja kila mahali, ugonjwa ukiuweza mmea mmoja umeiweza mingine yote. Ndizi aina ya Gros Michel ndiyo iliyokuwa ikiuzwa duniani hadi ugonjwa wa Panama ulipoifagia kwenye mashamba makubwa ya Amerika, nafasi yake ikachukuliwa na Cavendish, ambayo nayo ni kloni na nayo sasa inaandamwa na aina mpya ya ugonjwa uleule. Mnyauko wa migomba Kagera wanaujua bila kuambiwa. Waulize: mkulima anayepewa miche safi ya maabara, yote ya aina moja, inayozaa vizuri, afanye nini na zile aina sita za bibi yake nyuma ya nyumba? Jibu moja sahihi hakuna, nao wana mengi ya kusema. Dakika kumi zinatosha.

Onyo: hapa mtu atatamka GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Ndizi ya kloni haijabadilishwa vinasaba, imerudufiwa tu. Liseme hilo waziwazi, kisha mpe GMO siku yake. Ukiiruhusu iingie leo itakula kipindi chote. Nimeijaribu mara mbili na mara zote mbili kengele ililia tukiwa tunagombana kuhusu mahindi.

Malizia na Kulwa na Doto. Mapacha wa kufanana wametoka kwenye yai moja lililogawanyika, kwa hiyo ni kloni za asili. Ni mtu mmoja? Darasa zima litasema hapana, na litakuwa limeshajibu, bila kujua, theluthi ya maswali ya kesho.

Hatua ya 3: Punje 277

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayotaka maandalizi. Jioni, nyumbani, hesabu punje 277 za mahindi. Punje 28 zitie wino wa bluu. Moja ipake rangi ya kucha, nyekundu. Zilizobaki 248 ziache zilivyo. Changanya, weka kwenye ungo.

Darasani gawa ungo huo kwa mikono ya wanafunzi, wazitenge. Wakiwa wanatenga, simulia. Roslin, karibu na Edinburgh, wanasayansi Ian Wilmut na Keith Campbell na wenzao walichukua seli kutoka kwenye tezi ya maziwa ya kondoo jike wa miaka sita, mwenye uso mweupe. Wakachukua yai la kondoo wa aina nyingine, mwenye uso mweusi, wakalitoa kiini. Seli na yai vikaunganishwa kwa mshtuko mdogo wa umeme. Mara 277. Yaliyoendelea hadi kuwa viinitete vya kupandikiza yalikuwa 29. Vikawekwa kwa majike 13. Tarehe 5 Julai 1996 akazaliwa mwanakondoo mmoja, Dolly.

Simama hapo uulize: mtu aliyesimama zizini siku ile, bila kipimo chochote, alijuaje kwamba jaribio limefaulu? Wape muda. Kuna mmoja atakayeinuka: mama aliyemzaa ana uso mweusi, mtoto ametoka na uso mweupe. Mwanafunzi akiliona hilo mwenyewe ameelewa uhamishaji wa kiini kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Sasa elekeza kidole kwenye rundo la punje 248. "Hizi ni nini?" Kimya kitakachofuata usikijaze. Mmoja atasema zimekufa. Mwingine atasema hazikuwa hai. Wa tatu atauliza kiinitete kinaanza lini kuwa kiumbe. Liandike ubaoni, usilijibu.

Kisha badilisha kondoo awe binadamu. Mayai 277 yatatoka kwa wanawake gani? Mayai hayaokotwi, mwanamke huchomwa sindano za homoni siku nyingi, kisha hutolewa mayai kwa sindano ya kupenya. Matumbo 13 ni ya nani? Na mimba za kloni za wanyama zimeharibika kwa wingi, na baadhi ya waliozaliwa walitoka na maumbile yenye matatizo. Hao wangekuwa watoto wa mtu. Mwanafunzi anaona kwamba hoja nzito ya kwanza dhidi ya kumtengeneza binadamu kwa kloni imetoka kwenye hesabu ya ungoni, kabla hata dini haijaitwa.

Atakuwepo mjuaji. Daima yupo, na wangu mara nyingi hukaa dirishani. "Mwalimu, tuseme wameboresha, wanapata kumi kwa kumi. Hapo je?" Mshukuru kwa dhati, kwa sababu amewahamisha wenzake kutoka swali la usalama kwenda swali la pili, gumu zaidi: mtoto anayezaliwa kwa makusudi afanane na mtu fulani anadaiwa nini na waliomtaka? Mama aliyefiwa akarudishiwa "yuleyule", huyu mpya ataruhusiwa kuchukia hesabu kama marehemu alikuwa mkali wa hesabu?

Hapo mlete paka. Desemba 2001 Texas alizaliwa paka wa kwanza wa kloni, wakamwita CC. Paka aliyetolewa seli alikuwa na madoa ya rangi tatu, rangi ya chungwa ikiwemo. CC hakuwa na chungwa hata doa moja. Vinasaba vilevile, koti tofauti, kwa kuwa jeni ya rangi hiyo iko kwenye kromosomu X na kila seli ya jike huzima X moja. Kama hata manyoya hayarudi, tabia ya marehemu itarudije?

Ukibakiwa na dakika tano, waambie dunia ilikubaliana nini. Azimio la UNESCO la 1997 kuhusu jenomu ya binadamu linataja uzalishaji wa binadamu kwa kloni kuwa kinyume cha utu. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu tamko la kukataa kloni zote za binadamu, nchi 84 ziliunga mkono, 34 zilikataa, 37 hazikupiga upande wowote. Mgawanyiko haukuwa juu ya kuzaa watoto. Ulikuwa juu ya viinitete vya kloni kwa ajili ya utafiti wa tiba. Wanafunzi hufurahi kujua kwamba watu wazima nao walishindwa kuelewana kwenye rundo lilelile la punje.

Hatua ya 4: Mistari miwili ubaoni

Fupi lakini usiiruke. Gawa ubao katikati. Kushoto: inawezekana? Kulia: inafaa? Kila sentensi itakayosemwa kuanzia leo iende upande mmoja. "Kloni huzeeka haraka" ni ya kushoto, kwa hiyo inataka ushahidi (Dolly aliishi miaka sita na nusu, lakini alilazwa usingizi Februari 2003 kwa sababu ya uvimbe wa mapafu unaoletwa na virusi, ugonjwa ambao kondoo wasio kloni pia huupata). "Mtoto ana haki ya kuwa na baba na mama" ni ya kulia, inataka sababu. Ugomvi mwingi wa darasani ni watu wawili wanaozungumza kila mmoja kwenye upande wake wa ubao bila kujua.

Hatua ya 5: Selimundu, na hapa usikimbie

Kama una muda wa jambo moja tu, basi ni hili. Kondoo yuko mbali. Selimundu iko wodini.

Anza na hesabu, maana mtaani inakosewa. Baba na mama wote wabebaji: kila mimba, uwezekano ni mmoja kwa nne kupata mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba upya. Wapo wazazi walioambiwa "mmoja kati ya wanne", wakapata wa kwanza mgonjwa, wakaamini watatu wanaofuata wako salama. Rusha sarafu mbili mbele ya darasa mara ishirini wajionee kwamba sarafu haikumbuki.

Kisha malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba mbebaji wa selimundu, mwenye nakala moja, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hii imekaa ukanda wetu na haikai Norway. Waulize: mtu mwenye uwezo wa kufuta "jeni mbaya" duniani miaka elfu mbili iliyopita, angeifuta hii, nani angekufa? Nafasi nyingine nzuri ya kueleza kwa nini eujeniki, ile siasa ya kuwazuia "wasiofaa" wasizae, ilikuwa uovu na pia ujinga sijaipata. Wakumbushe kwamba haikuwa ya Wanazi peke yao; Marekani zaidi ya watu 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria za majimbo, wengi wakiwa maskini na waliopachikwa jina la wapumbavu.

Sasa weka habari mbili kando kwa kando.

Ya kwanza: Novemba 2018 mtafiti wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wasichana aliokuwa amehariri jeni zao wakiwa viinitete, kwa lengo la kuwakinga na VVU. Baba yao alikuwa na VVU. Desemba 2019 mahakama ya China ilimhukumu miaka mitatu jela.

Ya pili: Novemba 2023 Uingereza, na mwezi uliofuata Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia mkasi uleule wa jeni alioutumia He, CRISPR, zana ya kukata na kuhariri vinasaba. Mgonjwa hutolewa seli mama za damu, zinahaririwa nje ya mwili, uboho wake unasafishwa kwa dawa kali za aina ya zile za kutibu saratani, kisha anarudishiwa seli zake. Jeni ya selimundu yenyewe haiguswi. Kinachofanyika ni kuwasha tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ile ambayo mwili huizima baada ya kuzaliwa.

Mkasi ni mmoja. Kwa nini huyu alifungwa na hawa wakapewa kibali? Wape dakika saba wawiliwawili kabla ya kusema lolote. Majibu yatakuja yenyewe: mgonjwa wa Casgevy alikubali mwenyewe, wale mapacha hawakuulizwa. Mabadiliko ya Casgevy yanaishia kwa mgonjwa, ya mapacha yanaweza kurithiwa na wajukuu. Selimundu ilikuwa na mgonjwa. Mapacha hawakuwa na ugonjwa, na zilikuwepo njia nyingine zilizozoeleka za baba mwenye VVU kupata mtoto asiyeambukizwa. Hili la mwisho hulikosa wengi, lichokonoe.

Halafu taja bei: Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Zaidi ya shilingi bilioni tano. Waache waandike sifuri zote.

Hatua ya 6: Baraza, usiitishe mdahalo

Mdahalo wa shule tunaujua. Makofi, suti ya kuazima, upande unaopinga, na mwisho mshindi. Mwanafunzi anayepewa upande anajifunza kuutetea hata kama moyoni umekufa. Kwa somo hili weka baraza.

Viti vitano mduara, waliobaki wamezunguka. Swali ni la kubuni na useme hivyo: hospitali imepata fedha. Ama zimtibu mgonjwa mmoja kwa uhariri wa jeni, ama zipime watoto wachanga wa mkoa mzima na kuwapa dawa ya haidroksiyurea wale wenye selimundu. Kadi za wahusika zigawiwe kwa kura: mama wa mgonjwa wa miaka 14, daktari wa wodi, mhasibu wa hospitali, kijana mbebaji anayetaka kuoa, mtafiti wa jeni. Anayetaka kubadilisha kadi abadilishe bila kuulizwa sababu. Hiyo sentensi iseme kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unasema waliomaliza wakusanye madaftari, na usiangalie upande wowote unapoisema.

Kanuni ni moja tu: kabla hujajibu hoja, irudie kwa maneno yako mpaka mwenye hoja aseme "ndivyo". Mara ya kwanza itachekesha na kuchelewesha. Vumilia. Muhula uliopita kijana aliyekuwa mhasibu alirudia maneno ya "mama" mara tatu kabla ya kuambiwa ndivyo, na aliporudi kwenye hesabu zake sauti ilikuwa imeshuka.

Lugha: fanya baraza kwa Kiswahili. Najua mtihani ni wa Kiingereza, na najua mkuu wa shule hupita dirishani. Lakini nimeendesha kwa lugha zote mbili. Kwa Kiingereza napata "it is unethical" mara kumi na nne na kimya katikati. Kwa Kiswahili napata shangazi, mahari, bima, na yule mjomba aliyeficha. Tenga robo saa ya mwisho kila mtu aandike aya moja ya Kiingereza kutokana na alichokisikia. Aya hizo huwa ndefu, na mkuu wa shule unaweza kumwonyesha.

Hatua ya 7: Dini inapoingia

Itaingia, na ni haki yake. Darasani kwangu kuna Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, walokole, na mmoja asiyesema. Usigeuke shehe wala padri, na usigeuke yule mwalimu wa sayansi anayebenua midomo. Mwanafunzi akisema "dini yangu inakataza", mwombe aongeze "kwa sababu" ambayo mwenzake wa imani nyingine ataifuata hata akiikataa. Anayetetea nasaba, kwamba mtoto asichanganyikiwe ukoo na mirathi, anagusa hoja iliyozungumziwa na wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Jeddah walipokataza kloni ya binadamu mwaka 1997. Mkatoliki anayezungumzia kiinitete anarudi kwenye zile punje 248. Hoja hizo zina uzito wa kutosha kusimama mbele ya watu, ukizipa nafasi zisimame.

Na kuna swali litakalokuja kwa sauti ya chini: "Mwalimu, DNA inapimwa wapi?" Jibu lake ni la kisheria na ulitoe bila mzaha. Vipimo vya vinasaba vya binadamu vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, vinafanywa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mamlaka kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Mtu haendi na unywele wa baba yake kwenye bahasha.

Hatua ya 8: Kusahihisha maoni

Walimu huogopa hapa: nitampaje mtu alama kwa maoni? Humpi. Unampa kwa kazi iliyo chini ya maoni. Mimi hutumia alama kumi: nne kwa ukweli wa kisayansi, tatu kwa kutaja nani anaguswa na uamuzi, tatu kwa kueleza hoja ya anayempinga kwa haki.

"Kloni ni mbaya kwa sababu ni kinyume na maadili" inapata moja, ya huruma. Inazunguka kama ng'ombe wa kukamua ufuta. Mwanafunzi mwingine aliniandikia kwamba angeruhusu kloni ya binadamu ikiwa salama, kwa kuwa watu wanazaa kwa sababu mbaya zaidi ya hiyo kila siku na hatuwafungi. Akaeleza uhamishaji wa kiini sawasawa, akataja wanaotoa mayai, akaieleza hoja ya upande wa pili vizuri kuliko walioishika. Sikubaliani naye. Alipata tisa.

Kadi za mwisho

Kila kipindi kikiisha kusanya vikaratasi visivyo na jina: swali moja kila mtu, na asiye na swali achore chochote, ili kalamu zote zionekane zikitembea. Visome nyumbani kwanza. Nasisitiza nyumbani, usivifungue mbele yao ukiwa na haraka.

Miaka miwili iliyopita, usiku, mezani, nilikunjua kimoja chenye mwandiko mdogo wa penseli: "Kama wazazi wangu wangepima kabla, mimi ningekuwepo?"

Sikukisoma darasani. Sikutafuta mwandiko kwenye madaftari pia, ingawa mkono ulinituma. Nilichofanya ni kuchukua kadi za baraza nilizokuwa nimeziandaa, ambazo swali lake siku zile lilikuwa kama wabebaji waruhusiwe kuoana, na kuziandika upya zote tano. Swali jipya ni lile uliloliona hatua ya sita, la mgonjwa ambaye tayari yupo na fedha zilizopo. Siku iliyofuata, kabla ya kugawa kadi, nilisema kwamba kupima ni kwa ajili ya kujiandaa, na kwamba anayeishi na selimundu si kosa la hesabu la mtu yeyote. Nikasema mara moja, nikiwa nafuta ubao, kisha nikaomba watu watano waje mbele.